Kabla ya Kuingia Mgodini: Mafunzo ya Mchimbaji Mpya wa Makaa ya Mawe



Sheria ya Marekani inawagawa wachimbaji wapya wa makaa ya mawe mafungu mawili. Anayeajiriwa kufanya kazi chini ya ardhi sharti apewe mafunzo ya usalama na afya yasiyopungua saa 40. Anayeajiriwa katika mgodi wa wazi, ule ambao udongo na mwamba wa juu huondolewa mpaka tabaka la makaa lionekane, kiwango chake cha chini ni saa 24. Tofauti hiyo ya saa 16 imo sheriani tangu mwaka 1977, na wengi huiona ya haki bila hata kuelezwa sababu. Chini kuna giza, kuna gesi inayolipuka, kuna paa la mwamba linaloweza kuporomoka. Juu kuna jua, hewa na nafasi ya kukimbilia. Ninachotaka kuonyesha leo ni kwamba dhana hiyo si sahihi. Mgodi wa wazi humdanganya mgeni kwa sababu kila kitu kinaonekana, naye hudhani akishaona ameshaelewa. Tena kanuni zina mlango unaoruhusu mchimbaji mpya aanze kazi baada ya saa 8 tu za mafunzo, na zile 16 zilizobaki zikamfuata ndani ya siku 60. Mlango huo ndio ninaoomba ufungwe.

Ili kuelewa sheria ilivyokaa hivyo, tutazame ilikozaliwa. Tarehe 20 Novemba 1968 mgodi mmoja karibu na Farmington, West Virginia, ulilipuka ukaua wachimbaji 78. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria kali ya usalama wa migodi ya makaa. Machi 1976, huko Kentucky, mgodi wa Scotia ulilipuka mara mbili ndani ya siku chache, wakafa watu 26, wakiwemo wakaguzi wa serikali. Baada ya hapo ikaja Sheria ya Shirikisho ya Usalama na Afya Migodini ya mwaka 1977, ambayo ndiyo iliyoweka mafunzo kuwa haki ya kila mchimbaji na kuunda mamlaka ya usimamizi inayojulikana kwa kifupi kama MSHA. Ajali zote mbili nilizotaja zilitokea chini ya ardhi. Watunga sheria walikuwa na picha ya moshi unaotoka kwenye mdomo wa shimo, na picha hiyo ilikuwa ya kweli na ya kutisha. Mgodi wa wazi uliingizwa katika sheria hiyohiyo, jambo jema, lakini uliingia kama ndugu mdogo anayepewa sehemu ndogo ya chakula.

Nisieleweke vibaya, sheria hii ni nzuri, na katika mambo kadhaa ningetamani nchi nyingi ziifuate neno kwa neno. Mwendeshaji wa mgodi hawezi kujitungia mafunzo apendavyo. Lazima awe na mpango ulioidhinishwa na MSHA. Mchimbaji mpya hufundishwa haki zake na za wawakilishi wake, mamlaka ya wasimamizi, matumizi ya vifaa vya kujiokoa na vya kupumulia, taratibu za usafiri na mawasiliano, njia za kutokea wakati wa dharura, kuzima moto, uthabiti wa kuta za mgodi, kazi ya usiku, vumbi na kelele, kutambua hatari, umeme, huduma ya kwanza na baruti, kisha usalama na afya katika kazi yenyewe atakayopangiwa. Mafunzo hufanyika ndani ya saa za kazi na hulipwa kwa kiwango chake cha kawaida cha mshahara. Yakifanyika mbali na kituo chake cha kazi, mwajiri hufidia gharama za ziada. Akimaliza hupewa cheti, na anayethibitisha mafunzo ambayo hayakutolewa ametenda kosa la kisheria. Kwamba haki zimo katika orodha hiyo ni jambo la maana kuliko linavyoonekana. Mchimbaji asiyejua kwamba anaweza kuomba ukaguzi, na kwamba kumwadhibu kwa kulalamikia hatari ni kosa, hata akiiona hatari atanyamaza, na elimu yake yote ya kutambua hatari itamfia kifuani.

Kuna kifungu kimoja ambacho ningependa mkishike. Mkaguzi akimkuta mgodini mchimbaji asiye na mafunzo yanayotakiwa, sheria inamtaka atamke kwamba mtu huyo ni hatari kwake mwenyewe na kwa wenzake, na aondolewe mara moja mpaka afunzwe. Kwa masikio ya haraka, hilo ni tusi kwa mfanyakazi. Endelea kusoma: hawezi kufukuzwa wala kubaguliwa kwa sababu hiyo, na hapotezi mshahara kwa muda anaosubiri kufunzwa. Maana yake ni kwamba ujinga wa mgeni umehesabiwa kuwa kasoro ya mgodi, sawa na breki mbovu au ukuta wenye ufa, na mwenye mgodi ndiye anayewajibika kuirekebisha kwa gharama yake. Sijui msingi mwingine wa usalama kazini ulio imara kuliko huo. Na ni msingi huohuo unaonifanya nishangae ule mlango wa saa 8.

Mlango wenyewe uko hivi. Kanuni za mafunzo, ambazo zilianza kutumika mwaka 1978, zinataka kwa kawaida saa 24 zote zikamilike kabla mchimbaji mpya hajapewa kazi. Lakini ofisa wa MSHA wa kanda anaweza kumruhusu mwendeshaji wa mgodi kutoa saa 8 kwanza, zikihusu mambo matatu: kuyajua mazingira ya mgodi, kutambua hatari, na usalama katika kazi aliyopangiwa. Mengine husubiri, na kwa muda huo mchimbaji hufanya kazi chini ya uangalizi wa karibu wa mwenye uzoefu. Kwa hiyo inawezekana kisheria mtu akafanya zamu za usiku kabla hajafundishwa somo la kazi ya usiku, na akapita chini ya ukuta wa mgodi kabla hajafundishwa somo la kuta. Ikiwa mtu asiyefunzwa ni hatari, hatari hiyo haisubiri siku ya 60. Iko kubwa kabisa siku ya kwanza, inapungua kadiri anavyojifunza.

Tuangalie sasa hatari zenyewe, kwa karibu. Katika migodi mikubwa ya wazi, kama ile ya bonde la Powder River huko Wyoming, jimbo linalotoa karibu asilimia 40 ya makaa yote ya Marekani, mzigo hubebwa na malori ambayo makubwa kati yake huchukua zaidi ya tani 360 kwa safari moja. Tairi lake lina kimo cha meta 4 hivi. Dereva hupanda ngazi kufika kwenye kibanda chake, na akishaketi, bodi ya lori lake mwenyewe inamzuia kuona ardhi ya karibu, hasa mbele na upande wa kulia. Gari dogo la kawaida likisimama hapo, halipo kabisa machoni pake. Mgeni anayeliendesha gari hilo dogo analiona lori waziwazi. Ni kubwa kama nyumba, litampitaje? Akili yake ya barabarani inamwambia kwamba kinachomwona yeye ni kile anachokiona yeye. Mgodini akili hiyo inaua. Anapaswa kufundishwa asilikaribie lori mpaka aite kwa redio, ataje alipo, na asubiri jibu la dereva. Asiegeshe mbele wala nyuma ya mtambo hata kwa dakika moja. Bendera ndefu juu ya gari lake iwe imesimama. Na akiona lori limetulia asidhani limezimwa. Mambo hayo huelezwa kwa robo saa. Kuyazoea mpaka mkono uende kwenye redio kabla ya mguu kugusa mafuta huchukua muda mrefu zaidi, na ni muda huo ambao saa 8 haziupati.

Hatari nyingine ni rundo la makaa lililohifadhiwa kusubiri kusafirishwa. Chini ya rundo kuna mdomo unaofyonza makaa na kuyamwaga kwenye mkanda wa kusafirishia. Buldoza hutembea juu ya rundo, likisukuma makaa kuelekea mdomoni. Wakati mwingine makaa ya juu, yakiwa yameshikana kwa unyevu, baridi au uzito wa mtambo wenyewe, hubaki yametanda kama sakafu huku ya chini yakiwa yamekwisha kufyonzwa. Kwa juu rundo ni lilelile: jeusi, tambarare, limetulia. Ndani kuna shimo. Buldoza likipita hapo linazama, makaa yanalifunika, na dereva anabaki ndani ya kibanda akitegemea vioo visivunjike na hewa isimwishie. Hakuna jicho lenye afya linaloweza kuiona hatari hiyo. Inajulikana kwa elimu tu: kujua mdomo uko wapi na umewekewa alama gani, kujua kama unafyonza sasa, na kutilia shaka pale makaa yanapotoka chini huku shimo la kawaida halijitokezi juu. Kuta za mgodi nazo zina kiini macho chake, kwa kuwa mwamba uliosimama wiki nzima unaweza kuachia baada ya mvua au baada ya barafu kuyeyuka ndani ya nyufa.

Kisha lipo vumbi. Watu wengi hulihusisha pafu jeusi na mgodi wa chini peke yake. Mwaka 2010 na 2011 watafiti wa afya wa serikali ya Marekani waliwapima kwa eksirei wachimbaji wa migodi ya wazi ya makaa katika majimbo 16. Kati ya 2,257 waliokuwa na zaidi ya mwaka mmoja wa kazi hiyo, 46 walikutwa na ugonjwa wa mapafu unaotokana na vumbi la mgodi, na 37 kati yao hawakuwahi kufanya kazi chini ya ardhi. Wagonjwa 12 walikuwa na hatua ya juu ya ugonjwa, ile ambayo makovu makubwa hulibana pafu. 9 kati yao walikuwa watu wa mgodi wa wazi siku zote. Asilimia 2 yaweza kuonekana ndogo. Lakini hao walivuta vumbi chini ya anga ileile inayosemekana huwalinda. Kabla ya kufikia makaa sharti mwamba wa juu utobolewe ili utiwe baruti, na mwamba huo mara nyingi ni wa mchanga uliojaa silika. Mwendesha mtambo wa kutoboa hukaa karibu na wingu hilo zamu baada ya zamu. Ugonjwa wa silika hauna dawa ya kuuondoa, na aghalabu hujitokeza miaka mingi baadaye, wakati mgonjwa hana tena namna ya kurudi nyuma akafunga mlango wa kibanda uliokuwa wazi. Kumfundisha siku ya kwanza kwamba mlango ufungwe, mpira wa pembeni uwe mzima, maji yafike kwenye tundu linalotobolewa na pazia la kuzuia vumbi lisiwe limechanika, ni kumpa kinga wakati ambapo kinga bado ina maana. Aprili 2024 MSHA ilitangaza kiwango kipya cha silika, mikrogramu 50 kwa meta moja ya ujazo wa hewa, nusu ya kilichokuwapo. Utekelezaji wake katika migodi ya makaa, uliopangwa kuanza Aprili 2025, uliahirishwa. Kila siku ya kuahirisha inaongeza uzito wa kile ambacho mchimbaji mwenyewe anakijua.

Zipo hoja za kupinga, na baadhi zina nguvu. Ya kwanza inasema kwamba maafa makubwa kweli ni ya chini ya ardhi: mgodi wa Monongah mwaka 1907, watu 362, na mgodi wa Upper Big Branch mwaka 2010, watu 29. Sikatai. Mgodi wa chini una hatari ambazo mgodi wa wazi hauna, na saa 40 zake ni halali. Ila hoja hiyo inapima hatari kwa idadi ya wanaokufa pamoja. Mgodi wa wazi huua mmoja mmoja: dereva mmoja ukingoni ambako tuta la kuzuia lori lilikuwa fupi, fundi mmoja chini ya mtambo usiowekewa nguzo. Vifo vya namna hiyo haviitishi kikao cha Bunge. Mafunzo ya mtu binafsi yana nafasi kubwa zaidi hasa katika vifo vya aina hii, kwa sababu mlipuko wa gesi huzuiwa zaidi na upitishaji hewa wa mgodi mzima, bali anayeamua kuliendea lori bila kuita ni mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Hoja ya pili hutaja takwimu. Mwaka 1970 walikufa watu 260 katika migodi ya makaa ya Marekani. Mwaka 1977 walikuwa 139. Mwaka 2020 walikuwa 5. Kama mambo yamefika hapo, kuna haja gani ya kuongeza masharti? Kwanza tuwe waaminifu: wachimbaji wenyewe wamepungua sana, na mashine, ukaguzi na kusogea kwa uchimbaji kutoka chini kwenda juu vimefanya kazi kubwa, hivyo mtetezi wa mafunzo hana haki ya kujitwalia ushindi wote. Lakini kwa sababu hiyohiyo mpinzani naye hawezi kuzitumia takwimu hizo kuonyesha kwamba mafunzo yaliyopo yanatosha. Tena uchimbaji uliposogea juu, mtu wa kawaida wa makaa akawa ni yule wa saa 24.

Ya tatu ni gharama, pamoja na usemi kwamba kazi hujifunzwa kazini. Tupige hesabu: tofauti kati ya saa 8 na saa 24 ni saa 16, yaani siku mbili za mshahara, ambazo sheria inataka zilipwe vyovyote vile, ama mwanzo ama ndani ya siku 60. Kinachobishaniwa si fedha za mafunzo. Ni siku mbili za kuchelewa kumtumia mtu. Historia inaonyesha jinsi ubishi huu unavyoweza kuvuta mambo. Tangu mwaka 1979 Bunge lilizuia fedha za serikali zisitumike kusimamia masharti ya mafunzo katika migodi ya mchanga, kokoto na mawe, na zuio hilo lilidumu takriban miaka 20. Zilipotoka kanuni mpya za migodi hiyo mwaka 1999, mchimbaji mpya alipewa saa 24, ila zinazolazimika kabla ya kazi zikawa 4. Makaa hayakuwamo katika msamaha huo, lakini somo ni lilelile: shinikizo likija, kinachokatwa ni muda wa kabla ya kazi. Ama kujifunza kazini, nakubali, mikono hufunzwa na kazi. Ndiyo maana mafunzo ninayoyataka yasiwe ya darasani yote. Mengi yafanyike uwanjani, mtambo ukiwa umesimama, mwalimu pembeni, na mgeni akiwa hajahesabiwa katika uzalishaji wa zamu. Mwangalizi wa karibu ambaye naye ana tani za kutimiza hawezi kuwa mwalimu.

Wengine watasema kamera na vihisi vya ukaribu vitamaliza tatizo la lori. Vifaa hivyo vinasaidia na vifungwe. Hata hivyo MSHA yenyewe, ilipotoa Desemba 2023 kanuni ya kila mgodi kuwa na programu ya maandishi ya usalama wa mitambo inayotembea, iliweka kutathmini teknolojia mpya sambamba na kuwafundisha wachimbaji. King'ora kinacholia kila dakika huzoeleka na kupuuzwa na asiyeelewa kinalilia nini.

Udhaifu mmoja unabaki hata tukifunga mlango wa saa 8: kuhesabu saa hakuonyeshi kama mtu ameelewa. Mtu anaweza kukaa saa 24 mbele ya video na kutoka na cheti halali. Dawa imo ndani ya kanuni zilezile. Katika mafunzo ya kazi mahususi, kama kuendesha mtambo au kutoboa mwamba, mchimbaji haruhusiwi kuuendesha bila usimamizi wa moja kwa moja mpaka aonyeshe kwa vitendo kwamba anajua kuuendesha salama. Kipimo hicho kihamishiwe kwa mchimbaji mpya kwa ujumla wake: aonyeshe jinsi ya kulikaribia lori, aonyeshe mdomo wa rundo ulipo, akague ukuta na kueleza anachokiona. Saa 24 zibaki kama kiwango cha chini, na asiyeweza aongezewe.

Kwetu Tanzania jambo hili haliko mbali. Makaa ya Ngaka, wilayani Mbinga mkoani Ruvuma, yanachimbwa kwa mgodi wa wazi tangu mwaka 2011, na baada ya vita vya Ukraine kupandisha bei mwaka 2022, malori yaliyobeba makaa ya Ruvuma kwenda bandari ya Mtwara yaliongezeka sana. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na wakala wake, OSHA, na ina Tume ya Madini, vyombo vipo. Mkataba namba 176 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1995, unataka mafunzo ya mchimbaji yasimgharimu chochote na maelekezo yawe ya kueleweka. Kutoka Marekani tuchukue malipo ya muda wa mafunzo, kumwondoa asiyefunzwa bila kumkata mshahara, na kupima kwa vitendo. Tuuache ule mgawanyo wa saa 8 na 16. Na tusimsahau dereva wa lori la mkataba, anayeingia eneo la kupakilia kwa saa moja na kuondoka. Hata sheria ya Marekani inataka mtu wa namna hiyo apewe maelezo ya hatari za mahali hapo. Hahitaji saa 24. Anahitaji kuambiwa, kwa Kiswahili na kwa kuonyeshwa, asimame wapi, aite kwa njia gani, na abaki ndani ya kibanda au atoke wakati kijiko kinapakia; na anayefungua geti awe na mamlaka ya kumrudisha asiyeweza kujibu.